Batili Isiyo Dhambi: Kisa cha Fred Merkle na Sheria Iliyolala

Waswahili husema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Aghalabu methali hii hutajwa kumkumbusha mwenye cheo kwamba naye atakatwa siku yake ikifika. Ni methali ya usawa. Lakini msumeno una sifa nyingine ambayo methali haiitaji: unaweza kutundikwa ukutani miaka mingi bila kukata chochote, watu wakapita chini yake wakauzoea, na watoto wakaukuta hapo wakadhani ni pambo. Kisha siku moja mtu akautungua na kuutumia. Aliyekatwa siku hiyo ana haki gani ya kulalamika? Na sisi tunaotazama, tuna haki gani ya kumlaumu?

Swali hili ni la kale katika falsafa ya sheria. Hapa nitalijadili kupitia kisa cha mchezo wa besiboli, katika msimu wa 1908 nchini Marekani. Mchezo nimeuchagua kwa makusudi. Kanuni zake zimeandikwa, ziko mikononi mwa wote, na matokeo ya kuzivunja huonekana papo hapo. Iwapo suala la lawama linatutatiza hata uwanjani, ambako kila kitu ki wazi, basi mahakamani na majumbani litatutatiza zaidi.

Mwaka ule, katika ligi ya National League, timu tatu ziliwania ubingwa bega kwa bega hadi siku za mwisho: New York Giants chini ya kocha John McGraw, Chicago Cubs waliokuwa mabingwa watetezi, na Pittsburgh Pirates. Msomaji asiyeujua mchezo huu anahitaji kanuni moja tu ili akifuate kisa. Uwanja una vituo vinne viitwavyo besi, na mchezaji hufunga alama akivipitia vyote hadi besi ya nyumbani. Mpigaji akishaupiga mpira hukimbilia besi ya kwanza. Kwa kuwa besi moja haiwabebi wawili, mwenzake aliyekuwa pale hulazimika kuondoka kwenda ya pili. Mpinzani akiikanyaga besi ya pili huku mpira u mkononi mwake, kabla mkimbiaji hajafika, mkimbiaji huyo ametolewa. Watatu wakitolewa, zamu ya timu yao imekwisha. Na hapa ndipo penye kiini: ikiwa huyo wa tatu ametolewa kwa namna hii, alama iliyofungwa katika tukio hilo haihesabiwi, hata kama mfungaji amekwisha kuvuka besi ya nyumbani.

Tarehe 23 Septemba 1908, katika uwanja wa Polo Grounds jijini New York, Giants na Cubs walikuwa sare 1-1 katika mzunguko wa 9, ambao ni wa mwisho. Wachezaji wawili wa Giants walikuwa wamekwisha kutolewa. Moose McCormick alisimama kwenye besi ya tatu. Kwenye ya kwanza alisimama Fred Merkle, kijana wa miaka 19, ambaye siku hiyo aliuanza mchezo kwa sababu Fred Tenney, mwenye nafasi yake, aliumwa mgongo. Al Bridwell akaupiga mpira, ukapenya hadi katikati ya uwanja, na McCormick akakimbia nyumbani akafunga. Watazamaji, ambao kwa desturi ya uwanja ule walipita katikati yake wanapotoka, wakamiminika kwa shangwe. Merkle alipoona bao limepatikana na umati unakuja, aliikatiza safari yake ya besi ya pili, akageuka kukimbilia vyumba vya wachezaji.

Hakufanya ajabu. Hivyo ndivyo wachezaji wa zama zile walivyozoea kufanya alama ya ushindi inapofungwa katika mzunguko wa mwisho. Desturi hiyo ilikuwa na maana yake: umati ukishaingia uwanjani, mchezaji huwahi kujiokoa asizongwe. Kanuni iliyoandikwa ilibaki kitabuni, na hakuna aliyeiulizia katika mazingira kama hayo.

Hakuna, isipokuwa Johnny Evers, mlinzi wa besi ya pili wa Cubs. Evers aliuita mpira. Kilichofuata kilikuwa vurumai. Joe McGinnity wa Giants anasimuliwa kuunyakua mpira na kuuvurumisha kwa watazamaji. Hatimaye Evers akaonekana amesimama juu ya besi akiwa na mpira mkononi, na wapo wanaobishana hadi leo kama ulikuwa ndio ule ule. Mwamuzi Bob Emslie hakuwa ameliona tukio, lakini mwenzake, Hank O'Day, akaamua kwamba Merkle ametolewa na bao halikubaliki. Kwa kuwa umati ulikuwa umeufunika uwanja na jua linakuchwa, mchezo haukuendelea. Ukahesabiwa sare.

Uamuzi huu ulikuwa na mtangulizi wake, na bila kumjua mtangulizi huyo hatuwezi kuuhukumu. Tarehe 4 Septemba, siku 19 kabla, Cubs walikuwa Pittsburgh wakicheza na Pirates. Bao la ushindi likafungwa katika mzunguko wa 10, na mkimbiaji wa besi ya kwanza, Warren Gill, akafanya vile vile: hakufika besi ya pili. Evers akaikanyaga besi huku ameushika mpira na kudai haki yake. Mwamuzi wa siku hiyo alikuwa huyo huyo O'Day, na hakumkubalia. Cubs wakapeleka malalamiko kwa rais wa ligi, Harry Pulliam, naye akayatupilia mbali. Ushindi ukabaki kwa Pirates, 1-0. Mwezi mmoja, tendo moja, mdai mmoja na mwamuzi mmoja, hukumu mbili.

Pulliam aliuunga mkono uamuzi wa O'Day kuhusu mchezo wa New York, na bodi ya ligi nayo ikaupitisha. Msimu ulipokwisha, Giants na Cubs walikuwa wamelingana: kila timu imeshinda michezo 98 na kupoteza 55. Ule mchezo wa sare ukabidi urudiwe tarehe 8 Oktoba. Cubs wakashinda 4-2, wakatwaa ubingwa wa ligi, kisha wakawafunga Detroit Tigers katika fainali ya taifa. Merkle akabaki na jina la utani lililomaanisha mtu mwenye mfupa mahali pa ubongo. Jina hilo halikumwacha tena. Alicheza katika ligi kuu kwa misimu mingi, hadi 1926, na viwanja vilivyomzomea vilimkumbuka kwa tendo lake la ujana lililochukua nukta chache tu.

Mgala muue na haki umpe. Kabla ya kumtetea Merkle, inafaa kukiri kwamba O'Day na Evers walikuwa na hoja nzito. Kanuni iliandikwa na haikuwa siri. Evers hakuitunga, aliisoma. Tukisema kwamba mazoea ya wachezaji yanaweza kuifuta kanuni ya wazi, basi tumeiweka sheria mikononi mwa wenye kuizembea, na kadiri wanavyoizembea kwa muda mrefu ndivyo wanavyozidi kupata haki ya kuizembea. Tena, O'Day alipokuwa na siku 19 za kulitafakari tukio la Pittsburgh, angefanya nini? Hakimu aliyekosea mara moja halazimiki kulirudia kosa lake ili tu afanane na nafsi yake ya jana. Kwa mtazamo huo, msumeno ulikata panapostahili.

Hata hivyo, hoja hiyo ina upande wa pili. Mwanafalsafa wa sheria Lon Fuller, katika kitabu chake cha 1964 kuhusu maadili ya sheria, alieleza njia 8 ambazo mtawala anaweza kushindwa kutunga sheria ijapokuwa anadhani anaitunga. Mojawapo ni pale matendo ya wasimamizi wa sheria yanapotofautiana na maandishi yao. Kwa Fuller, sheria ni ahadi ya pande mbili: raia huyafuata maandishi, na mtawala humhakikishia kwamba atahukumiwa kwa maandishi hayo hayo. Pale wasimamizi wanapoyaacha maandishi kwa miaka mingi, mwenendo wao nao unakuwa aina ya tangazo. Merkle alilisoma tangazo hilo kama wenzake wote. Na uamuzi wa karibuni kabisa kuhusu jambo lenyewe, ule wa Pittsburgh, ulimwambia kwamba tangazo bado lipo.

Wanazuoni wa fiqhi nao wana kanuni mashuhuri isemayo kwamba ada ni yenye kuhukumu. Mazoea ya watu yana uzito katika kufasiri mikataba yao, viapo vyao na vipimo vyao. Lakini wanazuoni hao hao waliiwekea kanuni hiyo mpaka: ada haisimami dhidi ya matini iliyo wazi. Ada hufasiri palipo kimya. Haifuti palipo na kauli. Tukiupima mchezo wa Polo Grounds kwa mizani hiyo, desturi ya kuondoka mapema haikuweza kulihalalisha bao la McCormick. O'Day anabaki na haki yake.

Je, ina maana kwamba Merkle anabaki na lawama yake? Hapa ndipo naona mjadala wa kisa hiki umekosea njia kwa zaidi ya miaka 100. Wanaomtetea Merkle hudhani ni lazima wauangushe uamuzi wa O'Day. Wanaoutetea uamuzi hudhani ni lazima wamlaumu Merkle. Pande zote mbili zimeyafunga mambo mawili kwa kamba moja: uhalali wa tendo na hatia ya mtendaji.

Kamba hiyo inafunguka tukitazama mfano ulio karibu nasi. Mtu amesali bila udhu kwa kusahau, akakumbuka baadaye. Sala yake haikusihi, na ni wajibu airudie. Lakini hakuna mwanazuoni atakayemwambia kwamba amepata dhambi kwa kusahau huko. Sala ni batili, na mwenye kusali hana dosari. Sheria ya ibada imeyatenganisha mambo haya kwa sababu kila moja linajibu swali lake. Ubatili unajibu swali: je, masharti ya tendo yametimia? Dhambi inajibu swali: je, mtu huyu, kwa alichokijua na alichokikusudia, amefanya uovu au uzembe? Jibu la swali la kwanza halitoshi kuwa jibu la pili.

Sasa turudi uwanjani. Bao la McCormick lilikuwa batili, kwa kuwa sharti moja halikutimia. Dawa ya ubatili ni kurudia, na kwa hakika mchezo ulirudiwa tarehe 8 Oktoba. Hapo hesabu ya kanuni ilikuwa imelipwa yote. Kilichoongezwa juu yake, yaani jina la utani, mizomeo na dhihaka za magazeti, hakikutoka katika kanuni. Kilitoka kwa watu waliotaka kila hasara iwe na mkosaji wake.

Kwamba walimtafuta mkosaji zaidi ya kuitafuta haki, kunaonekana katika yale waliyoyasahau. Walisahau kwamba Merkle ndiye aliyeupiga mpira uliomfikisha McCormick kwenye besi ya tatu. Bila pigo lake kusingekuwa na bao la kubishaniwa. Walisahau kwamba baada ya siku ile Giants walifungwa mara 3 ndani ya siku 5 na mrushaji mmoja kijana wa Philadelphia, Harry Coveleski. Ushindi mmoja tu katika michezo hiyo ungewatosha. Walisahau kwamba tarehe 8 Oktoba Giants walipewa nafasi kamili, wakiwa na mrushaji wao bora kabisa, Christy Mathewson, wakaipoteza. Msimu wa michezo zaidi ya 150 una makosa ya watu wengi, lakini jumba bovu likamwangukia mmoja. McGraw, aliyekuwa na kila sababu ya kukasirika, alikataa kumtupia lawama, akambakisha kikosini na kumwongezea mshahara. Yeye aliihesabu michezo yote.

Na vipi kuhusu Warren Gill? Alitenda tendo lile lile, kwa sababu zile zile, katika mwezi ule ule. Leo jina lake wanalijua wapekuzi wa historia pekee. Mwaka 1976 Bernard Williams na Thomas Nagel waliandika, kila mmoja kwa namna yake, juu ya jambo waliloliita bahati ya kimaadili: tabia yetu ya kumpima mtu kwa matokeo ambayo hakuyamiliki. Madereva wawili wamezembea kwa kiwango kimoja. Mmoja amemgonga mtoto aliyechomoza barabarani, mwingine hakukuta mtoto. Tunawahukumu tofauti, ilhali tofauti haikutoka kwao. Gill na Merkle ni mfano safi zaidi, kwa sababu hata uzembe wenyewe una shaka. Kilichowatofautisha ni kwamba mwamuzi alikuwa amebadili rai kati ya tarehe 4 na tarehe 23. Gill alipita chini ya msumeno ungali ukutani.

Ningeweza kuishia hapa, nikasema kwamba anayefuata desturi ya wote asilaumiwe. Lakini msimu ule ule unanizuia, kwa kuwa ulikuwa na desturi nyingine, kubwa kuliko ya kuondoka mapema uwanjani. Katika timu zote za ligi kuu za 1908 hapakuwa na mchezaji mweusi hata mmoja. Wachezaji walikuwapo: mwaka huo huo, katika jiji hilo hilo la Chicago, Rube Foster, mmoja wa warushaji hodari wa zama zake, alikuwa akichezea Leland Giants, timu ya weusi. Nyuma yake, mwaka 1884, Moses Fleetwood Walker alikuwa ameichezea Toledo ilipokuwa katika ligi kuu, kabla milango haijafungwa. Wala ligi hizo hazikuwa na kanuni iliyoandikwa ya kuwazuia. Kilichowazuia ni mapatano yasiyoandikwa ya wenye timu, yaliyodumu hadi Jackie Robinson alipoingia uwanjani na Brooklyn Dodgers mwaka 1947.

Hapa maandishi na mazoea yamebadilishana nafasi. Katika kisa cha Merkle, maandishi yalimwumiza mtu na desturi ilimlinda. Katika kisa cha Foster, desturi ilimwumiza, na ukimya wa maandishi ungeweza kumlinda lau angetokea mtu wa kuyashikilia. Hakutokea Evers wa kukifungua kitabu cha kanuni na kudai kwamba hakuna mstari unaomkataza mtu kwa rangi yake. Kila mwenye timu angeweza kujitetea kwa maneno yale yale niliyomtetea nayo Merkle: hivi ndivyo wote wanavyofanya, na waamuzi wote wanajua.

Basi utetezi wa desturi unahitaji sharti, nalo ni kuuliza ni nani anayeilipia. Desturi ya kukimbilia vyumbani haikumnyang'anya mtu kitu. Timu zote ziliitumia, kila moja kwa zamu yake, na hata Cubs wangeweza kunufaika nayo. Desturi ya kuwatenga weusi ililipiwa na watu ambao hawakushirikishwa kuifanya, wala hawakuwa na siku ya kunufaika nayo. Mtu anayefuata desturi ya aina ya kwanza ana udhuru. Wa aina ya pili ana macho ya kumwona anayeumia, na wingi wa wenzake haumwongezei udhuru wowote.

Sharti la pili linamhusu mwenye kuishika sheria. Anayo haki ya kuiamsha sheria iliyolala. Pengine ana wajibu. Lakini usingizi wa sheria ni wake yeye kabla haujawa wa raia. La mgambo likilia lina jambo, husema wahenga, na hekima ya mbiu ya mgambo ni kwamba hutangulia. O'Day na Pulliam wangeweza kutangaza baada ya Pittsburgh kwamba kuanzia sasa kila mkimbiaji aifikie besi yake. Tangazo hilo lingemgharimu nani? Badala yake, gharama ya kutotangaza ilihamishiwa kwa kijana wa miaka 19. Pulliam naye hakusalimika. Alishambuliwa kwa ukali na upande wa New York, afya yake ikadhoofika, na mwezi Julai 1909 alijipiga risasi akafariki. Sababu za msiba wa namna hiyo hazipimwi kwa mchezo mmoja, nami simhesabii. Namtaja kwa kuwa lawama ya umati, ikishazoea kutafuta shingo moja, haibagui ya mchezaji na ya rais.

Msomaji anayeishi ugenini hatahitaji ufafanuzi mrefu kuhusu hili. Kila nchi ina vitabu viwili vya sheria: kimoja kimechapishwa, kingine kimo katika mwenendo wa maafisa na majirani. Mgeni hukisoma cha kwanza, kisha polepole hujifunza cha pili kwa kutazama wenzake: karatasi ipi huulizwa na ipi haiulizwi, muda upi huhesabiwa na upi huvumiliwa. Hujenga nyumba, ndoa na kazi juu ya vitabu vyote viwili. Afisa mpya anapoamua kukisoma cha kwanza neno kwa neno, inawezekana kabisa kwamba uamuzi wake una msingi wa kisheria. Lakini jamaa na majirani wanaosema "alijitakia mwenyewe" wanatamka hukumu nyingine kabisa, isiyomo katika faili la afisa. Hukumu hiyo wanaitoa wao, nao wataulizwa msingi wake.

Fred Merkle alijitenga na besiboli kwa miaka mingi baada ya kustaafu. Mwaka 1950 alikubali kurudi Polo Grounds katika hafla ya wachezaji wa zamani, na watazamaji wakamshangilia. Alifariki mwaka 1956. Ile sare iliyozua yote haya ilikuwa imekwisha kurekebishwa tangu 1908, ndani ya siku 15, kwa utaratibu ambao ligi ilikuwa nao tayari. Kwa lawama hapakuwa na utaratibu. Hakuna bodi iliyokaa kuipitia, wala tarehe iliyopangwa ya kuirudia. Ndiyo maana ubatili wa bao ulichukua wiki mbili kumalizika, na kosa la waliomzomea likachukua miaka 42 kabla ya kurekebishwa kwa makofi ya mchana mmoja.